Mfupa wa Aliyekauka Sauti

Mbwa hakunyongwa. Tuanzie hapo, kwa sababu habari hii imeshatembea mitaa mingi, na kila ilipopita imeongezwa chumvi. Wapo wanaosema kitinda mimba wa nyumba yetu alimkaba mbwa koo mbele ya wateja, eti kwa hasira kwa kuwa mbwa alikataa kubweka. Wapo wanaosema mbwa alikufa papo hapo, akafukiwa nyuma ya ghala, na familia ikamziba daktari mdomo. Msemaji mmoja, mwanamke mwenye cherehani na dirisha linalotazama uzio wa ghala hilo, ameisimulia kwa namna tatu, na zote tatu anaapa aliona kwa macho yake.

Alichokiona ni mgongo. Kitinda mimba alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, mikono yote miwili shingoni mwa mbwa, na hilo familia haijawahi kulikana. Vidole vile vilikuwa vinafanya nini, mtu aliyekaa dirishani hakuweza kujua. Basi na aelezwe.

Kazini wanamwita Mluzi. Jina lilimfuata kutoka utotoni, kwa sababu ya pengo la meno ya mbele lililompa sauti ya mluzi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuiiga. Hakushindwa shule, kama wengine wanavyopenda kudhani. Alifaulu vizuri, akachagua mbwa. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu, alimwonya kwamba mbwa hawana pensheni. Mluzi akamjibu kwamba walimu nao hawana mkia, kila mtu na upungufu wake. Walicheka, na mjadala ukaishia hapo, maana Baba mwenyewe alikuwa mtu wa mbwa.

Baba ndiye aliyekuwa mfunza mbwa wa kwanza wa kampuni ya ulinzi ambako Mluzi anafanya kazi. Mabanda ya mbwa aliyapanga yeye, sakafu za saruji zenye mteremko ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe, na kila banda kivuli chake. Hakuwahi kumpiga mbwa, wala hakumvumilia aliyempiga. Alikuwa na desturi moja iliyojulikana kuliko zote. Asubuhi mbwa waliporudi kutoka malindoni walisimamishwa mstari mmoja mbele ya mabanda, na kila mwongozaji akampa wake ishara abweke. Mzee alipita taratibu, kichwa kimeinama, akisikiliza. Mbwa ambaye sauti yake ilikuwa imekauka, huyo ndiye aliyekesha akifanya kazi, naye alipewa mfupa mkubwa wa goti uliochemshwa. Aliyebweka kwa sauti safi kama ametoka kuamka, basi alikuwa ametoka kuamka, na mwongozaji wake alitakiwa kueleza wamelala wapi wote wawili.

Haikuwa desturi ya kijinga. Kwa njia hiyo Mzee aliwanasa wavivu wengi bila kutoka nje ya geti. Alipofariki, Mluzi akashika nafasi yake, gwaride la sauti likaendelea, na mfupa ukaendelea.

Mbwa wa mwisho ambaye Baba alimchagua kwa mkono wake alikuwa Radi. Alikuwa mkubwa, mwenye rangi ya mchanga, kifua kipana, masikio ya kulala. Alikuja akiwa mtoto anayebebwa kwenye kofia, akakua na sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Mwizi mmoja aliyekuwa juu ya ukuta wa ghala alimsikia akibweka mara moja tu, akaacha ngazi, akaacha na viatu. Mluzi alimlea Radi kama mtu anavyolea wosia.

Radi alipoanza kuzeeka, sauti yake ikaanza kukwaruza. Mara ya kwanza Mluzi alifurahi, akampa mfupa. Siku iliyofuata sauti ilikuwa vilevile, akampa tena. Ikawa kila asubuhi mfupa ni wa Radi, mpaka mwongozaji mmoja waliyemwita Kipara akalalamika kwamba mzee huyu anawaaibisha vijana, na kwamba akizidi kufanya kazi hivyo atabaki bubu. Watu wakacheka. Mluzi naye akacheka, kisha akampanga Radi kwenye malindo mazito zaidi, maana mbwa hodari haachwi akae.

Yalifuata mengine, moja baada ya moja, kila moja likiwa na maelezo yake. Radi alikohoa akinywa maji, wakasema ana pupa. Alichoka kwenye ngazi za ghala na miguu ya nyuma ikawa inaburuta kidogo, wakasema ni umri. Jua likiwa kali alisimama akivuta hewa kwa mlio, kama msumeno unaovutwa kwenye ubao mkavu, wakasema joto la mwaka huu halina adabu.

Mama ndiye aliyekataa maelezo hayo. Mluzi alikuwa akimleta Radi nyumbani siku za mapumziko, na siku moja Mama, akiwa anachambua mchele barazani, akaweka ungo chini na kusikiliza.

"Huyu mbwa anavuta hewa kama anaifyonza kwa mrija uliopondeka," akasema.

"Uzee, Mama."

"Uzee mimi ninao. Mbona sisikiki mpaka barabarani?"

Mluzi akaahidi kumwuliza daktari wa mifugo atakapokuja kuchanja. Lakini kabla ya chanjo ilikuja siku ya wateja.

Kampuni ilikuwa inataka kulinda maghala mapya, na wenye maghala walikuja mchana, kwenye uwanja wa ghala ambalo Radi alizoea kulilinda, kuona mbwa wakionyesha kazi. Meneja alitaka Radi awe wa kwanza, kwa sababu jina lake lilitangulia kuliko matangazo yote. Mluzi alisema mbwa hakuamka vizuri, na jua ni kali, afadhali waanze na mdogo. Meneja akamwambia wageni hawakuja kuangalia watoto. Mluzi akamvisha Radi mkanda wa shingoni wenye mnyororo, akamtoa.

Alibweka mara mbili, sauti nyembamba kama ya mlango usiopakwa mafuta. Mmoja wa wageni akauliza, akitabasamu, kama hiyo ndiyo radi yenyewe au ni manyunyu. Meneja akamkazia Mluzi macho. Mluzi akatoa ishara tena. Radi akajitupa mbele kwa nguvu zake zote za zamani, mnyororo ukakaza, na hapo pumzi ikakwama. Kifua kilipanda, tumbo likaingia ndani, ule mlio wa msumeno ukapanda juu, halafu miguu ikamwisha nguvu, akalala kwenye changarawe. Ulimi uliokuwa mwekundu ukawa wa zambarau.

Hapo ndipo Mluzi alipopiga magoti. Kifungo cha mkanda kilikuwa kimezama ndani ya manyoya na ngozi, nacho alikifungua kwa vidole vya mikono miwili, haraka kadiri alivyoweza, kwa kuwa shingo ile haikuhitaji kitu chochote juu yake, hata uzi. Hiyo ndiyo kazi ya mikono iliyoonekana kutoka dirishani.

Waliokuwa karibu walianza kutoa amri zote kwa pamoja. Kipara alipiga kelele kwamba amelishwa sumu, akakimbia kuleta maziwa. Mwingine alileta ndoo ya barafu ya wageni ili amwagiwe yote. Meneja alitaka mbwa aburutwe nyuma, wateja wasione. Mluzi hakupandisha sauti. Alimwambia Kipara asimtie kitu chochote mdomoni, maana asiyeweza kuvuta hewa atayavuta maziwa mapafuni. Barafu aliikataa, akachukua maji ya bomba, akamlowesha tumboni, mapajani na kwenye nyayo. Wakambeba kwa turubai hadi kivulini, akaomba feni ya ofisini ivutwe kwa waya mrefu. Kisha akawaambia watu wasogee, na wanyamaze.

Ndipo akaanza kupiga mluzi. Taratibu, chini kwa chini, ule mluzi wa jioni ambao mbwa wote wa mabanda yale wanaujua kuwa kazi imekwisha, lala. Watu walitazamana. Kumpigia mluzi mbwa anayekata roho, walisema baadaye, ni dalili ya moyo wa jiwe au kichwa kisicho na kitu. Lakini mbwa aliyebanwa pumzi akiogopa hupigania hewa, na kadiri anavyoipigania kwa nguvu ndivyo njia inavyozidi kujifunga. Radi alisikia, macho yakatulia, mlio ukashuka kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichomfikisha kwa daktari, kwenye gari la mmoja wa wageni, vioo vimefungwa na kipoza hewa kimefunguliwa mpaka mwisho. Mluzi alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha mbwa mapajani, bado anapiga mluzi.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba, asiyependa kuulizwa maswali mikono yake ikiwa na kazi. Alimpa Radi hewa ya oksijeni na dawa ya kumtuliza, akampima joto, akasubiri. Ulimi ulipokuwa umerudi kwenye wekundu wake, alimwongezea dawa kidogo tu, usingizi mwepesi, akamfungua kinywa na kumulika ndani kwa tochi. Alitazama muda mrefu. Halafu akamwita Mluzi atazame naye.

Alimweleza kwamba ndani ya kikoromeo kuna kitu kama milango miwili midogo. Mnyama akivuta hewa inafunguka, akimeza inajifunga. Ya Radi haikuwa inafunguka. Mishipa inayoivuta ilikuwa imelegea, na milango imebaki ikining'inia katikati ya njia kama mapazia yaliyolowa. Ndiyo maana mlio ulikuwa wakati wa kuvuta hewa, si wakati wa kuitoa. Ndiyo maana alikohoa akinywa, ndiyo maana joto na msisimko vilimwangusha, na miguu ya nyuma nayo inawezekana ni ugonjwa uleule wa mishipa. Huwapata hasa mbwa wakubwa wa mwili waliokwisha kuzeeka. Mara nyingi, akasema, dalili ya kwanza ni sauti.

"Sauti yake ilibadilika lini?"



"Tulipoanza kumpa mfupa mkubwa kila siku," Mluzi akasema.

Ilibidi amweleze mfupa ni kitu gani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Alimwambia desturi hiyo haikumtia Radi ugonjwa. Ilichofanya ni kuufunika. Upo upasuaji, mlango mmoja unashonwa ubaki wazi siku zote, na yeye mwenyewe ameshaufanya. Mbwa wengi hupata nafuu kubwa. Lakini mlango ulioshonwa ukabaki wazi hauchagui kinachopita: chakula au maji yanaweza kushuka mapafuni, na mtu lazima amwangalie maisha yake yote. Bila upasuaji, siku nyingine ya jua itakuja. Aliomba jibu la mwenye mbwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mwenye mbwa ni kampuni.

Meneja alikuwa na jibu tayari. Kampuni haitunzi mbwa asiyebweka. Apigwe sindano ya usingizi wa mwisho, yaishe, na watu wanyamaze. Mluzi akaomba wampe Radi, amtibu mwenyewe. Meneja akasema akimpa, watu watauliza ana ugonjwa gani, na wakijua kwamba ugonjwa ulionekana kila asubuhi kwenye gwaride na mbwa akazawadiwa badala ya kutibiwa, itachekwa kampuni, na atachekwa aliyeanzisha gwaride. "Je, unataka jina la mzee wako liingie humo?" akauliza. Akampa mpaka mwisho wa wiki afikiri, mbwa akiwa kwa daktari.

Wanaomjua Mluzi wanajua kwamba tishio lingine lolote lisingemtikisa, lakini hilo lilimfika. Alirudi nyumbani. Alikula kidogo, akaosha sahani yake, kitu ambacho hafanyi akiwa na amani. Mama akamwambia aseme au akalale, asimzungukie kama nzi. Akasema yote: milango ya koo, mfupa, maneno ya meneja. Akasema pia lililomkaa moyoni, kwamba alikumbuka mbwa wengine wawili wa enzi za Baba, wakubwa, hodari, waliopata mfupa kila siku na kisha wakaanguka mchana wa jua. Walizikwa kwa heshima kama waliokufa kazini.



"Baba yako alijua alichojua," Mama akasema. "Unataka afufuke aje kusahihisha?"

"Watasema alikosea, Mama."

"Alikosea. Mimi nilimwosha soksi miaka yote hiyo, sikuwahi kudhani nimeolewa na malaika. Alikuwa mtu mwema aliyesikia vizuri na kuelewa nusu. Hiyo nusu iliyobaki ni yako. Ukiiacha kwa kulinda jina lake, hapo ndipo utakapolichafua."

Asubuhi iliyofuata mbwa walirudi, wakapangwa mstari. Mluzi alipita akisikiliza kama baba yake, kichwa kimeinama. Jike mmoja mweusi alikuwa amekauka sauti, na mwongozaji wake akanyoosha mkono kupokea mfupa. Mluzi hakumpa. Aliwaambia wote, bila kuzungukazunguka, ni nini kilichompata Radi, na kwamba wao wote, yeye akiwa wa kwanza, walimpigia makofi akiugua. Tangu leo, akasema, mbwa aliyekauka sauti atapumzishwa. Sauti iliyokauka kwa kazi hurudi baada ya usingizi. Isiporudi, au mbwa akivuta hewa kwa mlio, akikohoa anapokunywa, akichoka mapema kuliko wenzake, aondolewe mkanda wa shingoni na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, asisubiri chanjo.

"Na uvivu tutaujuaje?" Kipara akauliza. "Tuwafundishe kuimba?"

"Uvivu nitaujua kwa kukutembelea lindoni, kaka. Wewe utakuwa wa kwanza."

Watu walicheka, Kipara naye akacheka, lakini hakuna aliyebisha. Jike mweusi alilala mchana kutwa. Kesho yake alibweka safi kama kengele, na somo likaeleweka kuliko maneno.

Meneja hakucheka. Alimwita Mluzi ofisini, akamwambia sasa amefunga mlango mwenyewe: mbwa atapigwa sindano kabla ya mwisho wa wiki, na hata nafasi yake ya mkuu wa mafunzo inaweza kutafutiwa mtu asiye na mdomo. Mluzi akamjibu kwamba nafasi ni ya kampuni, aichukue. Pumzi ya Radi si ya kampuni. Akatoka, akaenda kukaa kwa daktari, kwenye benchi la nje, karibu na dirisha la chumba alicholala mbwa.

Aliyekwenda ofisini baada yake ni Mama. Alivaa nguo zake za kutokea, akachukua mwavuli, akakataa kusindikizwa zaidi ya geti. Meneja yule alianza kazi akiwa mlinzi kijana wa zamu za usiku chini ya Baba, na alikuwa amekula nyumbani kwetu mara nyingi, hivyo alimjua vizuri mama aliyekuwa anapanda ngazi zake. Akamwamkia. Mama akaitikia, akaingia, akafunga mlango.

Alipotoka alikuwa na karatasi yenye mhuri inayosema kwamba mbwa aitwaye Radi amestaafu na amekabidhiwa kwa mfunza wake, ambaye anaendelea na kazi kama kawaida.

Upasuaji ulifanyika asubuhi, kabla ya joto. Daktari alishona upande mmoja tu, kama alivyosema. Mluzi alisubiri benchini bila kupiga mluzi hata mara moja. Mlango ulipofunguka, kitu cha kwanza alichokisikia ni kwamba hasikii kitu. Radi alikuwa amelala ubavu, anavuta hewa na kuitoa, na mlio haukuwepo.

Sasa anaishi nyumbani kwetu, kwenye ua wenye kivuli. Anavaa mkanda wa kifuani, shingo iko huru. Anakula chakula laini kilichofinyangwa madonge, anapewa kidogokidogo, maji akinywa anaangaliwa. Hanenepeshwi, hatolewi wakati wa jua, hapelekwi kwenye maji ya kuogelea. Akikohoa mara mbili tatu kwa siku hakuna wa kuogopa. Akikohoa mfululizo, akiwa na homa na hamu ya kula imekwisha, anapelekwa kwa daktari bila mjadala. Mama, aliyedai hapendi mbwa, ndiye anayefinyanga madonge, na hataki msaada, anasema mikono yenu ina haraka. Sauti haikurudi. Akitaka kubweka hutoka pumzi tu, hah, hah, kama mzee aliyesimuliwa kichekesho kizuri. Wezi hawajui hilo, na hatuna sababu ya kuwaambia.

Mluzi bado ni mkuu wa mafunzo. Mabanda aliyoyapanga baba yake yapo, gwaride lipo, kinachosikilizwa ndicho kilichobadilika. Asiyeamini kwamba mbwa yuko hai aje mchana, abishe hodi kama watu wazima, ataonyeshwa.

Kuhusu kile ambacho Mama alimwambia meneja mlango ulipofungwa, tumeulizwa kanisani, msikitini, sokoni na kwenye foleni ya benki. Meneja hajasema. Mama hajasema kwa asiyehusika. Sisi tunaojua hatutasema. Msirudi kuuliza.